Alama za Bluu za Kiende

Hapa Makutano, nyuma ya duka la mbolea, tuna benchi moja na kazi moja: kujua mambo ya watu. Runji tunamwita Daktari kwa sababu anauza dawa za ng'ombe. Mbaabu ni Injinia. Anatengeneza simu, na zingine hupona. Mimi naitwa Jaji kwa kuwa nimeshindwa kesi ya shamba mara mbili. Kiende ndiye hutuuzia kahawa. Kwa wiki mbili alikuwa na alama za bluu mikononi na miguuni, na mimi nikatoa hukumu: mumewe, Muthamia, anampiga. Tukaacha kumsalimia huyo mwanamume. Leo birika lililetwa na Muthamia mwenyewe.

— Kiende amelazwa, akasema. Jana alitokwa na damu puani ikakataa kusimama.

Nikakohoa kijaji.

— Ulimfanya nini?

— Mimi? Hospitali wanasema chembe za kugandisha damu zimebaki chache sana. Kinga ya mwili wake ndiyo inaziharibu. Hata akiguswa kidogo tu, anabaki na alama.

Benchi likaanza kazi yake.

— Hiyo ni baridi, Runji akasema. Hata ng'ombe akinyeshewa, damu inakuwa maji.

— Ni simu, Mbaabu akasema. Anaiweka kifuani. Netiweki ikipita hapo inakula damu.

— Ni birika, nikasema. Miaka sita anamimina na mkono mmoja. Damu yote imehamia upande huo.

Nilisema hivyo bila aibu. Mbaabu hata akaniunga mkono.

— Daktari wa huko anasema mara nyingi sababu haijulikani, Muthamia akasema. Wanawake wa umri wake huupata ugonjwa huu zaidi. Mara nyingine huanza baada ya ugonjwa wa virusi. Si mwezi uliopita alikuwa na homa kali?

Hatukuikumbuka homa. Tulikumbuka siku tatu bila kahawa, na jinsi tulivyolalamika.

— Inaambukiza? Runji akauliza, akichungulia kikombe chake.

— Hapana, kunywa tu. Wameshamuanzishia dawa, na damu imesimama.

Akatumiminia wote, polepole, kama mtu ambaye hajazoea.

— Mimi aliniambia amejigonga kwa meza, nikaamini, akasema. Hilo ni kosa langu. Lakini nyinyi mlikuwa naye hapa kila asubuhi, mkiziangalia hizo alama. Kuna mmoja wenu alimuuliza kama anaumwa?

Runji akainamia kikombe chake. Mbaabu akaanza kufuta kioo cha simu ya mteja. Na mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu kwa hili benchi, nikauliza saa za kuona wagonjwa zinaanza lini.