Shuka Kavu

Mustafa, sukuma huo mlango mpaka usikie umelia, usiurudishe nusunusu, kwa sababu yule mhudumu Agnes anavaa viatu vya mpira visivyo na sauti, na mtu anayetembea bila sauti ndani ya nyumba ya wazee nimemwogopa tangu siku ya kwanza. Husna, wewe njoo upande huu wa sikio linalosikia. Kaeni hapo kitandani, msiogope kuikunja shuka, mnisikilize hadi mwisho, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili, na haya ninayoyasema leo ndiyo wosia wangu, ingawa hakuna mwanasheria wala karatasi.

Naanza na barua yako, Mustafa. Usijifanye unatazama saa. Umewaandikia wakubwa wa nyumba hii kwamba mama yako anatukanwa, na Jumatano wanakaa kikao wamwondoe Elizabeti, mhudumu wangu. Najua, mimi najua kila kitu kinachopita kwenye kibaraza hiki. Najua hata mpishi ameachwa na mkewe kwa sababu gani, ila hilo si la leo. Nakuuliza, nani alikuketisha ofisini akakupa soda baridi na kukufuta machozi? Agnes. Na nani aliyekwambia uandike? Huna haja ya kujibu, shingo yako imeshajibu.

Ulipokuja mwezi uliopita ulimkuta Elizabeti amesimama hapo mlangoni na beseni, akaniambia, "We Mwanaisha, kikojozi cha Kiyao, bado hujafa tu? Jeneza lako tumeshaliagiza, sasa linaliwa na mchwa!" Ukapauka mwanangu, ukatoka nje. Ungengoja kidogo ungenisikia namjibu, "Nyie Wangoni mlikuja na mikuki kututeka, mmeishia kufua shuka zangu, nani mtumwa sasa?" Naye akacheka mpaka beseni likamwagika, akasema babu zetu Wayao walikimbia sana ile vita, ndiyo maana nyonga yangu imechoka hadi ikavunjika. Huo ni utani, Mustafa. Mngoni na Myao ni watani tangu babu wa babu, wanatukanana afya ikiwepo na wanazikana ikiondoka. Makosa ni yangu, nilikutoa kijijini Kitaya una miaka tisa ukakulie kwa mjomba wako Dar es Salaam, ukajua kusoma na kuandika vizuri, lakini hakuna aliyekufundisha kwamba kuna matusi yanayotoka kwa mtu anayekuosha mgongo.

Sasa nikwambieni juu ya huyo mwingine, anayeniita "mama yangu mzuri."

Mwaka jana nilipoletwa hapa na nyonga yangu (nawe Husna usilie, sikulaumu, nyumba yako ya Rahaleo ni ndogo, na mumeo nilimwita mvivu mbele ya wageni wake, hata mimi nisingekaa na mkwe kama mimi), niliwekwa chumba cha pili, chumba cha Agnes, mimi na Bi Nasra wa Mikindani, yule aliyekuwa somo wa wanawali, mwanamke wa maneno mengi kuliko mimi, nanyi mnajua hilo si jambo dogo. Kile chumba kinapendeza. Wakija wakaguzi na fomu zao, ndicho wanachoonyeshwa. Nimewaona kwa macho yangu, yule bwana mwenye kalamu tatu mfukoni akiinama juu ya godoro, akinusa, akinyanyuka na uso wa furaha: hakuna harufu ya mkojo hata kidogo. Akaandika usafi, vizuri sana. Akauliza maji ya kunywa yapo? Agnes akamwonyesha jagi pale dirishani, limefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, kina shanga pembeni. Akaandika maji, yapo. Nami akaniuliza kama naridhika na huduma, nikasema naridhika sana, kwa sababu alikuwa ameshika biskuti na alikuwa hajanipa bado.

Jagi lilikuwa dirishani, wanangu, na sisi tulikuwa kitandani. Nyonga yangu imevunjika, Bi Nasra miguu imekufa, nani angelifikia? Ikishaingia alasiri Agnes hatupi kitu cha maji mpaka kesho yake asubuhi. Ukiomba anakupapasa shavu, anasema, "Subiri kidogo mama yangu mzuri, utalala vibaya." Ndivyo shuka inavyokauka. Godoro haliwezi kunuka kama aliyelilalia hana kitu cha kutoa.

Ukaingia Ramadhani. Bi Nasra alikuwa mgonjwa, hana faradhi ya kufunga wala akili ya kuikumbuka, lakini wageni walipomkuta midomo imepasuka Agnes aliwaambia kwa sauti ya chini, ya heshima, "Bibi amefunga, hataki kabisa kula mchana, imani yake ni kubwa." Wageni wakafurahi, mmoja akaomba dua. Agnes si Mwislamu, lakini alijua ni neno gani litatufunga midomo Waislamu wote. Mimi nikanyoosha shingo nikamwona Bi Nasra ulimi, umekauka kama kipande cha kopa, muhogo wenyewe ule tunaouanika juu ya bati hadi unalia ukigongwa. Kumi la mwisho hakulimaliza. Sisemi aliuawa, msije mkanipeleka mahakamani kaburini. Nasema alikufa kwenye shuka kavu, na kila aliyekuja kumzika aliisifu ile shuka.

Nikafanya vituko. Nikatupa sahani, nikamng'ata Agnes kidole, nikaimba nyimbo za unyago mbele ya sheikh aliyekuja kutuombea, mpaka wakaona nimeharibika akili wakanihamishia huku nyuma kwa Elizabeti. Mliambiwa mama yenu amechanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa, nilikuwa nahama.

Huku kunanuka. Wewe Mustafa ulifunika pua kwa kitambaa, nilikuona. Kunanuka kwa sababu tunakunywa. Yule mtani wangu anaweka kikombe hapa, mkono ulipo, akitukana. Anajaza tena, akitukana. Asubuhi anafua shuka sita akiimba kwamba Wayao wameijaza Ruvuma peke yao, hawahitaji mvua. Kandambili zake unazisikia tangu jikoni, pa, pa, pa. Sasa Jumatano wakimwondoa, wale bibi wanne wa chumba hiki, walioko nje wanaota jua, watachukuliwa na nani? Watakuwa wakavu wote, nyumba itanukia sabuni, na fomu itajaa vizuri sana kuanzia juu hadi chini.

Mnanitazama kama watu wanaojiuliza bibi huyu alijuaje haraka hivyo. Siku ile ile ya kwanza Agnes alipoliweka jagi dirishani, nilijua. Nipeni nafasi nivute pumzi, maana hapa ndipo penyewe.

Nilijua kwa sababu niliyafanya mimi.

Mwaka tuliohamishwa tukapangwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara, mto ulibaki mbali na kisima kipya kilitoa matope. Bibi yenu mzaa baba, wewe Husna ndiye uliyerithi jina lake, alikuwa kitandani hajiwezi, na kila alichokojoa nilikwenda kukifua mwenyewe, ndoo kichwani, mguu wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Siku moja nilisahau kumpa maji ya jioni. Asubuhi nikamkuta mkavu. Siku ya pili sikusahau, wanangu. Nilikumbuka, na sikumpa. Ikawa ndiyo desturi. Wanawake wa kijiji walikuwa wanakuja kumwamkia, wananusa, wanasema jamani Mwanaisha ana mikono, mkwe wake analala kama bibi harusi. Nikanenepa kwa sifa.

Shangazi yenu Mariamu peke yake hakusifu. Alikuja kutoka Mikindani, akampa mama yake kidole anyonye, akanigeukia, akasema, "Huyu ana kiu." Maneno matatu tu. Nikalia, nikagaagaa chini, nikasema wifi ananionea wivu kwa kuwa mama anapenda kulelewa na mimi. Wazee wakanipa haki mimi. Bibi yenu, masikini, kabla hajafa akasema mbele yao ile mikorosho yake ishirini ya kule bondeni apewe mkwe aliyemlea katika usafi, na kwa miaka thelathini na zaidi nimewalisha korosho zile, na kwa miaka hiyo yote nimewaambia shangazi yenu ana kijicho, ana uchawi, msipite mlangoni kwake. Hamkupita. Mlikuwa watoto wazuri.

Nawe Husna, ulikuwa na miaka sita. Ulimchotea bibi yako maji kwenye kifuu cha nazi, ukamnywesha, kitanda kikalowa, nikakuchapa kwa mti wa mkorosho mpaka ukakimbilia kwa jirani. Huenda umesahau. Mimi sijasahau hata kifuu kile kilivyokuwa na ufa upande mmoja. Ile fimbo hukuistahili, mwanangu. Wewe peke yako katika nyumba ile ndiye uliyemlea.

Basi shikeni. Mikorosho ishirini ya bondeni rudisheni kwa Mariamu, yu hai bado Mikindani, nimepeleleza, na mkienda msimpe kama zawadi, mwambieni mama amesema, "Alikuwa na kiu yule, ulisema kweli." Akitaka kunitukana mwacheni amalize. Kile kishamba cha muhogo na kitanda changu cha kamba ni cha Husna, kanga zangu pia, isipokuwa ile jozi nyekundu mpya ambayo haijafuliwa hata mara moja, hiyo ni ya Elizabeti. Wewe Mustafa nakuachia kazi tu. Kesho nenda ofisini kairudishe barua yako, uandike nyingine kwa kile Kiswahili chako kizuri, useme mama yangu alikuwa akitaniwa na aliyekuwa akimnywesha. Umwambie yule mkaguzi aache kunusa magodoro. Aangalie kikombe kiko wapi, kisha aangalie mkono wa mgonjwa unafika wapi. Abane ngozi ya bibi nyuma ya kiganja aone kama inarudi. Aje alasiri, bila taarifa, akae mpaka kiu imshike na yeye.

Siku ya maziko Elizabeti atakuja. Atazuia jeneza mlangoni, adai kitu, aseme afadhali kikojozi kimeondoka, Ruvuma itapungua. Watu wa Dar watakunja uso. Wewe Mustafa usikunje. Mpe ile kanga, cheka kwa sauti, na ukishindwa kucheka lia, lakini mpishe apite mbele.

Nisameheni... mimi nimewasamehe, hata mumeo, Husna. Mungu awakuze, awazeeshe, na mkizeeka awape mtu mwenye domo chafu na ndoo iliyojaa. Koo limekauka. Hapana, si hilo jagi la dirishani, nani ameliweka hapo leo? Lile la Elizabeti, la plastiki, chini ya kitanda. Husna, ninyweshe wewe. Polepole... Ongeza. Kikilowa kitanda, kilowe... wageni wanuse.

Kikombe kiache hapa, mwanangu. Hapa, mkononi.