Mzee Gibson arap Tonui na Fito za Nelvine

Mzee Gibson Kipkosgei arap Tonui alizaliwa mwaka wa 1931 huko Chebunyo, Chepalungu, akiwa kitinda mimba. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaitwa nyumbani kuchunga ng'ombe. Hesabu aliziweza, imla ilimshinda, na mwenyewe hakuficha.

Mwaka wa 1950 aliajiriwa useremala katika shamba la chai Kericho. Alistaafu mwaka wa 1986, akahamia Litein kwenye chai yake na ng'ombe wake. Alifunga ndoa na Mama Rebeccah tarehe 4 Desemba 1954. Mama anasema alipoposwa hakuletewa maua, aliletewa kigoda. Bado tunakikalia.

Mwaka wa 1991 Chepkirui, mke wa ndugu yangu Kipkorir, alijifungua Nelvine. Mtoto alizaliwa haoni. Alipofika miaka mitatu alianguka kwenye mtaro, na tangu hapo hakuinua mguu bila kushika sketi ya mamake. Mamake akienda kuchuma chai, mtoto alikaa mlangoni hadi arudi. Jambo hilo lilimuumiza Mzee sana. Alisema wazi kwamba huyu mtoto atazeekea mlangoni.

Wakati huo tulikuwa na ng'ombe mwizi wa mahindi, aliyevalishwa fremu ya fito shingoni ili asipenye ua. Mzee aliona kwamba fremu inagusa ua kwanza, na ng'ombe anasimama. Akamkatia Nelvine mkanda wa kiunoni kutoka aproni kuukuu ya kuchumia chai, akauungia fito mbili nyepesi za mwanzi zilizoshuka mbele hadi chini, zikashikana kwa kijiti kinachoteleza ardhini. Kijiti kikigonga, kuna kitu. Kikizama, kuna shimo.

Kosa lake lilikuwa kutueleza mezani alikotoa wazo hilo. Chepkirui alimheshimu mno baba mkwe wake, kwa hivyo alishukuru, akaenda kuitundika fremu jikoni, ikawa ya kuanikia soksi. Mimi aliniambia, "Dada Joan, mtoto wangu si ng'ombe."

Basi Jumapili moja, Oktoba 1994, Mzee alivaa fremu kubwa aliyojitengenezea, akafunga macho kwa leso ya Mama, akatembea hadi kanisani. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Wengine waliuliza kama amelewa, mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe. Kwenye mtaro ule ule kijiti kilizama, akasimama, akapapasa, akavuka. Mlangoni pa kanisa alifungua leso, akasema, "Mama Nelvine, nimeivaa, na mimi bado ni mzee wa kanisa."

Jioni hiyo Chepkirui mwenyewe alimfunga mwanawe mkanda. Nelvine alisimama kitambo. Kisha akaenda, kuku wakimkimbia, hadi kijiti kikagonga ukuta. Akaupapasa. "Kumbe stoo iko huku," akasema. Mzee alilia mbele yetu sote na hakujali.

Baadaye aliwatengenezea watoto wengine, hadi Bomet na Fort Ternan. Sharti lake lilikuwa moja: mtoto asishikwe mkono asipoomba.

Mapema mwaka huu figo zilianza kumsumbua. Akiwa kitandani alimpima Nelvine kiuno na kimo, akamtengenezea fremu ndefu zaidi ya kwenda nayo shule ya bweni Januari. Aliimaliza. Alituaga Jumanne, tarehe 13 Agosti 1996, katika hospitali moja mjini Kericho, Mama akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Mama Rebeccah. Watoto wake, Joan, Kipkorir na Phelix. Mkaza mwana wake Chepkirui. Na wajukuu, akiwemo Nelvine.

Familia ina ombi. Nelvine atatia udongo wake kaburini, na ataenda mwenyewe. Ukihisi kijiti kikikugonga mguuni, sogea tu. Tafadhali usimshike mkono.

Pumzika, Baba. Njia anaijua.