Tairi ya Mbele Ilikuwa Mbuzi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyinyi mliokuja kwa miguu, asifiwe pia na mchungaji aliyekuja na gari. Nimesimama hapa kushuhudia jinsi Bwana alivyonitoa katika utumwa wa petroli.

Wengi wenu mnakumbuka nilikuwa na gari. Niliinunua kwa pesa za kahawa, kuukuu lakini inang'aa, na hapa kwetu Kilungu hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Niliringa, ndugu zangu! Kila siku ya soko nilishuka Emali, nikasimama na wanaume wenzangu nikiwafundisha hesabu. Niliwaambia wachukue bei ya galoni, wagawanye kwa maili, wataona maili moja ni senti chache tu. Kutembea, niliwaambia, kunamaliza viatu bure. Walikubali wote, na mimi nikajiona profesa.

Nanyi mlinipenda. Harusi, mazishi, mikutano ya injili, mliingia kwa gari yangu mkabanana, mkachanga ya petroli. Mmoja wenu alinilipa machungwa. Nilisema Mungu awabariki, nikawasha.

Lakini adui alikuwa amenifumba macho. Tairi ikipasuka, niliuza mbuzi. Springi zikivunjika kwa yale mawe ya kilimani, mbuzi. Betri ikifa, mbuzi. Bima ikiisha, mbuzi. Na hao sikuwaweka kwa hesabu hata siku moja! Mke wangu, Mama Kyalo, aliponiuliza, nilimjibu kwamba petroli ni pesa, lakini mbuzi ni wa nyumbani, anakula majani ya bure. Alinyamaza. Wanaume wenzangu, mke akinyamaza hivyo, anza kuomba.

Basi kijana wetu Kyalo akapata mchumba. Nanyi mnajua mila yetu: kwanza mbuzi watatu wa ntheo wafike kwa kina msichana. Bila hao, hata ukipeleka ng'ombe zizi zima, huyo si mke wa mtu. Ndugu ya marehemu baba yangu akaja asubuhi, na fimbo yake, kuchagua mbuzi wa kupeleka. Nikamfungulia zizi kwa madaha. Ndani alikuwa mbuzi mmoja, mzee, anachechemea.

Niliona haya, ndugu zangu. Kyalo alitazama chini, na mimi ningeona afadhali anitukane.

Mama Kyalo akamshika mzee mkono kwa heshima, akampeleka mpaka kwa gari.

"Baba, mbuzi wako hapa," akasema. "Hii tairi ya mbele ni Madoa. Betri ni yule mweusi. Hizi springi ni Mama Mapacha na watoto wake. Ntheo ni watatu. Fungueni mnaotaka."

Mzee akazunguka gari polepole. Akauliza beberu yuko wapi.

"Yuko hapo kwa kioo," akasema Mama Kyalo. Ilikuwa stika ya bima.

Halleluya! Hapo ndipo Bwana alinifungua macho. Nilikaa kwenye usukani, nikasoma maili, nikatoa zile nilizoikuta nazo nilipoinunua, nikahesabu upya. Kila nikienda Emali na kurudi mara kumi, mbuzi mzima alikuwa ameisha, na hapo petroli bado! Tairi zilizobaki zilikuwa na upara, kwa hiyo mbuzi mwingine alikuwa njiani. Kisha mzee akaniuliza gari yenyewe leo ingenunuliwa kwa pesa ngapi. Hilo swali lilinimaliza. Zile pesa za kahawa pia zilikuwa zimemwagika barabarani, maili kwa maili, na mimi nikipiga honi.

Nyinyi mnaocheka huko nyuma, wengine wenu mlikula paja la Madoa mkienda harusini na hamkujua!

Siku ya soko niliiuza gari huko Emali, kwa mfanyabiashara mmoja. Nilimweleza ukweli wote kuhusu mbuzi. Alicheka, akaniambia yeye anahesabu petroli tu. Nikanunua mbuzi watatu, wanono. Yeye kwa roho nzuri akasema atanirudisha nyumbani pamoja nao, nichange tu ya petroli. Basi nikapanda gari yangu kama abiria, mbuzi wakinipumulia shingoni, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo nilipokuwa dereva. Tulipofika nikampa ya petroli, kisha nikaongeza nyingine.

"Hii ni ya nini?" akauliza.

"Ya tairi," nikamwambia.

Bibi ya Kyalo ndiye yule ameketi pale na mtoto mgongoni. Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Kyalo. Na wewe unayejua kuna jambo hutaki kulihesabu nyumbani kwako, usiogope. Mwamini Bwana, fungua zizi uangalie. Yeye hakuaibishi ili akuache hapo.

Na wale mtakaopewa lifti na mchungaji leo, muulizeni kwanza amebaki na mbuzi wangapi. Amina.