Mtamba wa Mboje

Benchi letu lipo Bariadi mjini, karibu na kinu cha pamba, pale Anyes anapouza kahawa. Wakaaji wa kudumu ni watatu ukiniondoa mimi msikilizaji. Mzee Luhaga tunamwita Azimio, maana alikuwa mtendaji wa kijiji na ujamaa bado anauota. Salu, mnunuzi wa pamba aliyetoka kijiji hichohicho, ndiye Soko Huria. Hemed, mtu wa Tanga aliyeletwa halmashauri, ni Bajeti. Asubuhi hiyo redio ilikuwa imetaja deni la taifa.

— Deni siyo ugonjwa, Bajeti alisema. Dunia nzima inakopa, mabepari kwa wakomunisti. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nani? Salu akadakia. Nalipa leseni, nalipa ushuru, soda nikinywa nimelipa kodi! Serikali iuze kila kitu, ibaki na bendera tu.

— Na barabara? Bajeti akauliza.

— Apewe mwenye hela. Ng'ombe akipita, alipe.

— Thubutu! Azimio akagonga benchi. Vyote viwe vya wote, hata bodaboda! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hao wakopeshaji waje walime pamba hapa, tuone kama watakumbuka riba.

Tulicheka.

— Enzi zetu, akaendelea, watu walilipa kwa uzalendo.

— Kwa mgambo, mzee, Salu alisema. Au Mboje wa kijijini kwetu umemsahau?

Azimio akaweka kikombe chini. Alipojibu, sauti ilikuwa imeshuka.

— Sijamsahau. Tulimfuata alfajiri, mimi na mgambo wawili. Kodi ya kichwa, elfu tatu. Hakuwa nayo. Zizini alikuwa na mtamba mmoja, wa kumpeleka bintiye sekondari. Mkewe akanipigia magoti: "Bhabha, tusubiri pamba ipimwe." Nikamjibu sheria haina jirani. Tukamswaga yule mtamba hadi mnadani.

— Na binti? Anyes aliuliza.

— Hakwenda shule. Baadaye kodi yenyewe ikafutwa. Mboje alishahamia Geita, na mimi sikumfuata hata kumpa pole. Nilikuwa na miguu, sikwenda.

Mwishoni mwa benchi alikaa mama mmoja mgeni, Felisita, anasubiri gari la Maswa na boksi la vifaranga mapajani.

— Samahani, baba, alisema. Mtamba mnadani alifika bei gani?

— Kama elfu hamsini na tano.

— Na mwenyewe alidaiwa elfu tatu?

— Ndiyo, mama.

— Chenji mlimpa nani?

Bajeti akatazama viatu vyake. Azimio alivua kofia akaishika kwa mikono miwili.

— Risiti niliandika ya elfu tatu, alisema. Hilo nakumbuka.

Felisita aliendelea kumtazama, si kwa hasira, anangoja tu, mpaka gari lake lilipopiga honi. Akainuka na vifaranga vyake. Anyes alitikisa birika. Kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyemwambia achemshe nyingine.