Aliyekaza Ndiye Asimamaye Chini: Sajenti Mstaafu Jotham Wepukhulu Wekulo, 1941–1988

Marehemu Jotham Wepukhulu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa hapa Chwele, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Elisha Wekulo na Mama Rasoa. Wasifu huu unasomwa na dada yake anayemfuata, Nabalayo, ambaye wazee wamemwomba asiseme maneno mengi. Atajaribu. Ila kabla hajaendelea ana ombi moja lisilo kwenye karatasi mlizoshika: mkimwona mjane, Mama Nanyama, ameketi pale mbele na viatu vyenye tope, msinong'onezane. Tope hilo lilitokana na ubishi uliotugawanya wiki nzima kule Nairobi, kama mwili wa Sajenti utoke mtaani Lindi, Kibera, kwa kupita juu ya daraja alilolijenga mwenyewe, au uzungushwe kwa njia ndefu ya Toi. Tutafika huko.

Marehemu alianza shule mwaka 1950 na kumaliza darasa la nane mwaka 1957. Hesabu aliziweza, kuimba hakuweza, na alipenda kuimba. Akiwa na miaka kumi na mmoja alifunga magogo ya migomba kwa kamba juu ya kijito ili mama yake asilowe akienda kuteka maji. Mama alifika katikati, magogo yakaachana, mtungi ukaenda zake. Alichapwa. Baada ya kuchapwa alirudi kijitoni peke yake, akashinda huko mpaka giza likaingia, akitazama ni wapi kamba ilipoteleza. Baada ya shule alijifunza useremala kwa miaka sita.

Tarehe 9 Septemba 1964 aliandikwa jeshini, akapelekwa kikosi cha wahandisi. Mzee Wekulo, mtu wa kanisa la Friends, mtu wa ibada ya kimya, hakufurahi hata kidogo. "Sisi si watu wa bunduki," alimwambia. Marehemu aliporudi likizo ya kwanza alimwonyesha baba viganja vilivyojaa malengelenge. "Baba, bunduki wamenipa, lakini kinachonimaliza ni koleo." Mzee alicheka, na tangu siku hiyo akawa anawauliza watu wa sokoni kama wanajua jeshi lina mafundi.

Wengi wetu tukisikia jeshi tunafikiria mizinga na gwaride. Marehemu alikuwa akisema, "Bila sisi, jeshi ni watu wamesimama kando ya mto wakitazamana." Wahandisi ndio waliotangulia. Walipapasa barabara za kaskazini kwa ncha ya chuma, hatua kwa hatua, wakitafuta mabomu yaliyofukiwa. Walichimba visima pale ambapo hata ngamia alikuwa amekata tamaa. Walifunga madaraja ya vyuma juu ya malaga, ile mito mikavu inayofufuka ghafla mvua ikinyesha mbali, na wenzao waliporudi kambini wao walibaki nyuma kufungua walichokifunga. Alipoingia, kikosi kilikuwa kichanga, watu wachache na vifaa vya kuazimana. Alipotoka kilikuwa na tingatinga zake, wapiga mbizi wake, na vijana aliowafundisha kwa mkono wake. Alijivunia jambo hilo kuliko nishani.

Kikosi chao kilikuwa na desturi moja. Daraja likikamilika, lori la kwanza halipiti mpaka fundi aliyekaza vyuma asimame chini yake. Aliyekaza ndiye asimamaye. Ukikataa, huulizwi mengi. Daraja linakaguliwa upya.

Mwezi wa Novemba 1967 Marehemu alikataa. Malori kumi na manne yalikuwa yanangoja kwenye laga, mawingu yamejikusanya upande wa milimani, na Sajenti Munyao, mwalimu wake, akaita, "Wepukhulu, chini!" Marehemu akabaki ukingoni.

"Sisimami, afande."

"Unaogopa?"

"Ndiyo, afande. Upande wa kushoto nilikaza kwa haraka. Pini sikuzirudia."

Ofisa mmoja alifoka mpaka kofia ikamdondoka. Munyao aliagiza vijana wakague. Pini mbili zilikutwa hazijafungwa sawasawa. Saa moja na nusu baadaye Marehemu alishuka mwenyewe, akasimama chini, na malori yote kumi na manne yakanguruma juu ya kichwa chake. Kwa kosa la kukaza kwa haraka alipewa adhabu ya juma zima la kuchimba vyoo. Baada ya miezi minne akavishwa cheo cha koplo. Munyao alimwambia, "Mwoga anayesema ukweli ni fundi. Jasiri anayenyamaza atatuua sote." Maneno hayo sisi wa nyumba hii tumeyasikia mezani mpaka tukayachoka.

Tarehe 6 Desemba 1969 alifunga ndoa na Nanyama. Siku ya kupeleka mahari tulifika kwenye kijito cha wakwe, na bwana harusi akawazuia wazazi wote wasivuke mpaka alipoingia majini na suti yake kukagua gogo. Wakwe walitupokea na mchumba anayechuruzika maji. Nanyama husema, "Niliolewa na mtu anayegonga kitanda kabla hajalala." Mungu aliwajalia watoto watatu, Wekulo, Nasipwondi na Makokha.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 1981 akiwa Sajenti, akahamia Nairobi kufanya kazi ya ujenzi. Alipanga kwanza Kawangware, na mwaka 1983 familia ikahamia Lindi, Kibera. Chini ya Lindi kuna mto, na siku hizo kivuko chake kilikuwa ubao mmoja na maombi. Mwezi wa Aprili 1985 jirani yao Risper Adero, muuza samaki, aliteleza kwenye ubao huo na beseni lake. Marehemu alimvuta nje, naye Risper, mkono umevunjika, akilia, "Wacha mkono! Shika samaki!" Samaki walikwenda. Jioni hiyo Marehemu alianza kupima kingo za mto kwa hatua zake.

Kila ploti ilitoa mtu mmoja na mawe. Walijaza mapipa makuukuu kwa mawe yakawa nguzo, wakalaza magogo ya mkalitusi, wakayafunga kwa nyaya nene na kupigilia mbao. Kazi ilichukua majuma saba. Siku ya kufungua, watu walijaa kingo zote mbili na hakuna aliyesogea.

"Sajenti, hiyo ni ya watu ama ya kuku?" akauliza Dalmas Oyoo, fundi wa viatu ambaye hakosi neno.

Marehemu alivua viatu, akaingia kwenye maji yale, nanyi mliowahi kufika Lindi mnajua ni maji gani. Akasimama chini ya daraja, akakunja mikono. "Haya. Piteni."

Risper alikuwa wa kwanza, beseni kichwani, mkono uliovunjika ukining'inia kwenye kitambaa. "Nikianguka namwangukia yeye!" akasema, na umati wote ukamfuata, Dalmas akiwa wa mwisho na kimya kabisa. Tangu hapo kila mwezi wa Machi, kabla ya mvua, Marehemu alilikagua daraja lake ubao kwa ubao na kukaza nyaya.

Mwezi wa Novemba 1987 alianza kuumwa koo. Madaktari walisema ni saratani. Alipokea habari hiyo vizuri kuliko sisi. Akauliza itachukua muda gani, kisha akauliza kama mvua za mwaka huu zitawahi. Machi ilimkuta kitandani. Aliaga dunia alfajiri ya Jumapili tarehe 15 Mei 1988, mkewe akiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba.

Karatasi mlizoshika zinaishia hapo, kwa sababu zilipigwa chapa Jumatano. Haya yanayofuata yalitokea jana Ijumaa, nanyi mliokuwa huku nyumbani hamkuyaona.

Mvua za mwaka huu mmezisikia. Mto wa Lindi ulipanda mpaka kwenye mbao za daraja kisha ukapungua, na tangu Sajenti augue hakuna fundi aliyejulikana kuligusa. Ndiyo maana wengi wetu tulitaka jeneza lizungushwe kwa Toi. Aliyepiga kelele zaidi ni Nabalayo, huyu anayewasomea. "Mnataka kaka yangu azikwe mara mbili?" alisema, na anaomba radhi. Nanyama alijibu neno moja tu wiki nzima: "Atapita kwake."

Jana saa nne asubuhi jeneza lilitoka nyumbani baada ya maombi, mabegani mwa wanaume wanane, Dalmas akiwa mbele. Walipofika kwenye daraja wakasimama. Ng'ambo, barabarani, gari la kumleta huku lilikuwa linangoja. Hakuna aliyetaka kuweka mguu.

Nanyama akapita katikati yetu, akaanza kushuka ukingoni na viatu vyake vya matanga.

"Mama, unaenda wapi?" Nasipwondi akalia.

"Machi baba yenu alinituma," alisema, bila kugeuka. "Kila siku alinituma. Nenda ugonge ubao wa tatu, uniambie umelia vipi. Nenda ukaze waya wa juu, urudi unionyeshe mikono. Nimekaza daraja hili lote mimi, na yeye kitandani akiniuliza maswali mpaka nikamwambia nyamaza ulale. Aliyekaza ni mimi. Kwa hiyo anayesimama chini ni mimi."

Akaingia majini mpaka magotini. Akasimama chini ya daraja, akakunja mikono. Jamani, alisimama vile vile alivyosimama Marehemu.

"Dalmas," akaita, "leta mzee wangu."

Wanaume wanane walipita na jeneza. Mbao zililia kidogo, zikanyamaza. Daraja halikuyumba. Risper alifuata, halafu watoto, halafu Lindi nzima, na mtu wa mwisho kuvuka alikuwa Nabalayo, akitazama chini kupitia nafasi za mbao, akimwona wifi yake akihesabu nyayo zetu kwa midomo. Usiku kucha tumesafiri hadi hapa, na Nanyama amekataa kuvifuta viatu.

Marehemu ameacha mama yake, Mama Rasoa, mkewe, Nanyama, watoto wake Wekulo, Nasipwondi na Makokha, dada yake Nabalayo, na majirani wa Lindi ambao asubuhi hii wanavuka kwenda kazini.

Pumzika kwa amani, Sajenti. Pini zote zimehesabiwa, na yuko mtu chini.