Agapiti Maige, Aliyetangulia Kubomoa Banda Lake

Baba Paroko, wafiwa wenzetu, majirani wa Mtaa wa Mabanzi, na ninyi nyote mliotoka Geita, Ushirombo na Kahama mkafika hapa Samuye, familia inawaomba utulivu kidogo ili msikie maisha ya mpendwa wetu Agapiti Maige, ambaye wengi mlimwita Baba Coletha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 hapa hapa Samuye, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Maige na Mama Mbuke, akasoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, na kwa kuwa ng'ombe wa nyumbani walikuwa wengi kuliko wachungaji, hakuendelea na masomo, bali alichunga na kulima pamba hadi mwaka 1984, alipokwenda Shinyanga mjini kwa mjomba wake kujifunza kuchomelea vyuma. Mwaka 1990 alihamia Geita, akawa anatengeneza makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, ila shimoni hakushuka hata siku moja, akiwatania wachimbaji kwamba yeye ataingia ardhini mara moja tu, na hana haraka.

Tarehe 24 Julai 1993 alifunga ndoa na Paskalia Charles huko Ushirombo, Mungu akawajalia watoto watatu, Coletha, Ezekiel na Suzana, na wajukuu wanne.

Mwaka 2004 alihamia Kahama, akajenga nyumba na banda la kuchomelea kwenye kiwanja kimoja Mtaa wa Mabanzi, mahali ambapo mashine za kukoboa mpunga, gereji, mama lishe na vyumba vya wapangaji vimebanana, mtoto analala huku na cheche zinaruka upande wa pili wa ukuta. Mwezi Juni 2022, wananchi walipoitwa na manispaa waseme wenyewe wanataka mtaa wao uweje miaka ijayo, marehemu alichaguliwa mwenyekiti wa kamati, na Ndugu Onesmo, fundi mwenzake waliyekula naye sahani moja tangu afike Kahama, akawa katibu. Vikao vilikuwa vya kelele, akina mama wakidai njia ya watoto kwenda shule isiyopita katikati ya magari mabovu, wengine wakitaka kila chenye moshi kiondoke, hadi Mama Eunice, muuza chakula, aliposimama akauliza, "Sasa nyie mnataka kula kwangu mchana, jioni mnifukuze?", watu wakacheka, na baada ya hapo wakakubaliana kwamba nyumba, maduka na vyakula vibaki, nao mafundi wote wahamie eneo la wazi kando ya barabara kuu, ndani ya mtaa huo huo, wasitengwe na wateja wao.

Marehemu, aliyelelewa kwamba anayeita watu kwenye kazi ya pamoja ndiye hutangulia kushika jembe, alibomoa banda lake kabla ya wote, tarehe 5 Agosti 2023, bila kusubiri kugawiwa sehemu mpya, ili wenzake wasiogope.

Siku ya kikao cha mwisho, ambapo kamati ilipaswa kupeleka manispaa maamuzi ya wananchi, alikuwa Geita, ambako binti yake Coletha alikuwa amejifungua kwa upasuaji, hivyo akampigia simu Ndugu Onesmo akamwambia, "Mdogo wangu, kaseme lile lile tulilokubaliana," naye akajibu, "Wasiwasi wa nini, kaka?", lakini alipofika kikaoni akasimama kwa niaba ya mwenyekiti na kusema kwamba wananchi wameridhia mafundi wapelekwe nje ya mji, na kando ya barabara yajengwe maghala, ambako leo yeye mwenyewe ana duka la vyuma.

Mafundi walipoambiwa wahame, walitazama pale banda la marehemu lilipokuwa, wakaona peupe, wakasema kumbe mzee alibomoa mapema kwa sababu alijua, na ameahidiwa ghala. Vijana aliowafundisha kazi wakawa wanapita mlangoni wakisema kwa sauti, "Shikamoo mwenye ghala," naye akiitikia marahaba, kwa kuwa hakuwahi kujifunza kukataa salamu. Mara mbili alikwenda kumwomba Ndugu Onesmo aseme ukweli mbele ya watu, hakutaka kiwanja wala kingine, alitaka jina lake tu, akajibiwa kwamba yaliyopita yamepita.

Kuanzia Machi 2024 alisumbuliwa na shinikizo la damu, tarehe 2 Novemba akapata kiharusi kilichomwondolea kauli, na alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025 akafariki mikononi mwa mke wake, jina lake likiwa bado halijasafishwa, ndiyo maana familia imeona iyaseme haya leo, mbele yake na mbele yenu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Samuye kwa kuni, unga na maji, na mafundi wenzake mliofika, pamoja na ninyi mliokuwa hamumsalimii, kwani nanyi mlidanganywa. Ndugu Onesmo, tumekuona, hakuna atakayekufukuza msibani, chakula kikiiva utakula kama waombolezaji wengine, lakini mama Paskalia ameomba usishike jeneza.

Pumzika kwa amani, Baba Coletha, hukuwauza watu wako.