Mama Viti na Kiti cha Mlangoni

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu. Nimepewa kazi hii kwa kuwa, eti, katika ukoo wetu mimi ndiye mwenye maneno mengi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1968, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1981 na sekondari ya bweni mwaka 1987, kisha akasomea ualimu na kufundisha miaka minane. Mwaka 1998 mwanafunzi wake mmoja alitoroka kwao, asionekane tena. Dada aliacha chaki, akarudi darasani kusomea ushauri wa familia na vijana. Habari za mwanafunzi huyo hakupenda kuulizwa.

Mwaka 2001 alifungua ofisi juu ya duka la miwani. Ilikuwa na viti sita, vyote sawa, na hakumwelekeza mtu pa kukaa. Alisimama dirishani akitazama nani anachagua kiti kipi, ndiyo maana wateja walimwita Mama Viti. Seremala mmoja, aliyekuja na mkewe na mwanawe aliyegoma kuzungumza, alifoka: "Sasa tumekuja kuongea au kucheza viti?"

"Mzee, mbona mmeshaongea," dada alimjibu. "Hebu mtazame mwanao alipokaa."

Kijana alikuwa kwenye kiti cha mlangoni, mkoba magotini.

"Anayekaa mlangoni ameshaondoka nusu," dada akasema. "Usimhamishe, wala usifunge mlango. Beba kiti chako ukakae naye."

Seremala alibeba kiti. Mwanawe leo ana watoto wawili. Lakini si wote waliobahatika. Wapo waliokaa pale mara moja tu, na dada alizikumbuka sura zao zote.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994 na shemeji yetu, mpima ardhi, mtu asiyepoteza neno. Tulikuwa tukitania kwamba dada aliongea kwa niaba ya wote wawili. Walijaliwa mwana mwaka 1996, na binti, kitindamimba wao, mwaka 2008.

Januari mwaka huu wa 2024, dada alianza kukaa mlangoni nyumbani kwake mwenyewe. Awe mezani, awe sebuleni, ni mlangoni tu. Nikamtania: "Dada, siku hizi ndiyo umekuwa mlinzi wa zamu?"

"Mlinzi halali, mdogo wangu," akasema, akacheka. Nami nikacheka, nisijue ninachekea nini.

Majibu ya hospitali yalikuwa tayari kwenye mkoba wake: saratani ya kongosho. Yeye aliyewaambia wazazi kila siku kwamba siri ya wakubwa mtoto huinusa kabla haijaiva, alituficha hadi Juni. Binti yake alimuuliza mara tatu, "Mama, unaumwa?" Mara tatu akajibiwa, "Nimechoka tu, mwanangu." Mganga hajigangi, ndiyo, lakini sitaficha: ilinikasirisha, na bado inanikasirisha.

Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 3 Septemba, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Tangu siku hiyo binti yake hajasema neno. Jana mchana tulikaa sebuleni tukibishana juu ya ratiba ya leo, nikageuka, nikamwona mlangoni, kwenye kiti kile cha mama yake, viatu miguuni, mkoba magotini. Shangazi yake aliinuka kwenda kufunga mlango.

"Uache wazi," shemeji alisema.

Akabeba kiti chake, akakiweka ubavuni mwa binti. Nikabeba changu, na kaka mtu naye akabeba chake. Tulibanana pale hadi jioni, wageni wakipita kwa taabu. Nilimwomba mtoto ruhusa ya kuyasoma haya, akaitikia kwa kichwa. Viatu hakuvua.

Marehemu ameacha mume, mwana, binti, na sisi wadogo zake watatu.

Dada, pumzika kwa amani. Zamu ya mlangoni tumeishika sisi, na hatutalala.